Mguu wa Kuazima

Saa moja na robo asubuhi, mlango wa chumba cha plasta bado una kufuli, lakini benchi la nje limeshajaa. Wameketi watu tisa, na kwa wote tisa kuna miguu kumi na mitatu tu ya kukanyagia. Iliyobaki imenyooshwa mbele, myeupe na mizito, na kila apitaye kwenye korido analazimika kuiruka.

Fundi plasta anatokea na chupa ya chai kwapani. "Hamjambo wenye nyumba?" anawasalimu, maana wamemtangulia kufika kwake. Wanacheka, na mama mmoja mwenye mkono uliofungwa anamjibu kuwa wenye nyumba hawajambo ila wana njaa.

Ana miaka 58. Ni mfupi, ana viganja vipana, na kazi hii ameifanya kwa miaka 31. Unga wa plasta umeingia kwenye nyusi zake ukagoma kutoka, ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia mfagizi hadi mganga mkuu, inamwita Chokaa. Jina lake la kwenye cheti analikumbuka mhasibu peke yake.

Kabla hajamtazama mgonjwa usoni, Chokaa hutazama mfuko wake. Mtu anayetarajia kufunguliwa plasta ya mguu huja na kiatu cha pili, kile ambacho hakijavaliwa kwa miezi. "Nikiona kiatu kwenye mfuko, naingiwa na woga," anasema. "Msumeno siuogopi. Naogopa kumwambia mtu akirudishe nyumbani."

Leo kiatu kiko mwisho wa benchi. Ni buti la kahawia, limepakwa rangi likang'aa, na limo ndani ya mfuko mweusi uliolazwa mapajani mwa fundi wa kuezeka mapaa wa miaka 34. Kazini wanamwita Bati. Mguu wake wa kulia umefungwa kuanzia chini ya goti. Mkononi ana bahasha iliyotoka chumba cha eksirei dakika kumi zilizopita, na hajaifungua.

"Nikiifungua nitaona nini?" anauliza. "Mimi nasoma bati, sisomi mifupa."

Anachokijua ni hiki. Alhamisi wenzake wanaanza kuezeka jengo la pili. Msimamizi amemwekea nafasi mpaka siku hiyo na si zaidi. Paa la jengo la kwanza lilimpita akiwa amekaa kitini kwake, na paa la tatu halipo. Picha iliyo ndani ya bahasha ikisema mfupa umeunga, anafunguliwa na anarudi kazini. Ikisema bado, basi.

Buti hili linakuja hospitali kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, wiki saba zilizopita, lilirudi nyumbani kwenye mfuko wake, na nyuma yake liliacha wazi mambo ambayo Chokaa alikuwa ameyafungia moyoni kwa miaka tisa.

Ili kuelewa, inabidi kwanza kumwona Chokaa akifanya kazi. Huzamisha bandeji ya plasta kwenye ndoo ya maji vuguvugu, huikamua kidogo kama anayekamua nguo ya mtoto, kisha huizungusha juu ya pamba, akiilainisha kwa viganja bila kuacha alama ya kidole. Mguu mmoja humchukua dakika kumi na tano. Wakati wote huo anaongea na mgonjwa habari za mpira, za mvua, za mashemeji.

Plasta ikikauka, huichora. Kwa kalamu ya wino wa buluu huchora mfupa juu ya plasta, pale pale ulipo kwa ndani, na ufa wake ulivyokaa. Chini yake huandika tarehe tatu: siku ya kuvunjika, siku ya kufungwa, na siku ya picha ya wiki ya tatu. Hiyo ya mwisho huizungushia duara. Wenzake walidhani ni mbwembwe za uzeeni. Hakuna aliyejiuliza kwa nini alianza miaka tisa iliyopita na siyo kabla.

"Plasta ni pazia," anaeleza daktari wa mifupa, mwanamke mwembamba anayeongea haraka, ambaye ndiye mkubwa wa Chokaa. "Ukishalishusha hujui mfupa unafanya nini nyuma yake. Wiki ya tatu mfupa ni kama tope bichi. Ukiwa umeanza kupinda, tunakata plasta kidogo, tunachomeka kabari ya mbao, tunaunyoosha, mgonjwa anakwenda zake nyumbani. Mwezi wa nne umekuwa saruji. Hapo unahitaji nyundo na chumba cha upasuaji."

Kabari ile ni kipande cha mti kisichozidi kidole. Chokaa anavyo vingi kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, huviokota kwa seremala bure. Kinachogharimu ni kujua kama kabari inahitajika.

Picha moja ya mguu katika hospitali hii ni ujira wa siku tatu wa fundi wa kuezeka. Kwa mbeba zege ni wiki nzima. Mwenye mguu uliovunjika katikati ya muundi anahitaji picha tatu, pengine nne, na zote anatakiwa azilipie kipindi ambacho hana kazi. Picha ya kwanza hulipiwa kwa akiba, au na wenzake waliomleta. Ya pili hulipiwa kwa kuuza kitu. Bati aliuza mashine yake ya kutobolea. Ya tatu, hapo ndipo watu wanapopotea.

"Maumivu yameisha, plasta inawasha, na mtu anajiona mzima," anasema Chokaa. "Ukimwambia alipe ujira wa siku tatu aangaliwe mguu usiouma, anakuona mwizi. Mimi mwenyewe ningekuona mwizi."

Bati hakumwona mwizi. Aliona tu kwamba hana pesa. Ilikuwa Ijumaa, wiki ya kumi na mbili tangu ateleze kwenye ngazi, na Jumatatu iliyofuata jengo la kwanza lilikuwa linaezekwa. Msimamizi wao ana sharti moja: fundi aliyevunjika harudi juu mpaka alete picha inayoonyesha mfupa uliounga. Kwa hiyo Bati alikuja na kiatu kwenye mfuko na filamu ya eksirei aliyoikunja ndani ya gazeti.

"Nimepiga kwa watu binafsi, mzee," alimwambia Chokaa. Wagonjwa wengi hufanya hivyo, na inaruhusiwa.

Chokaa aliibandika filamu kwenye kisanduku cha mwanga. Mfupa ulikuwa umeunga, mnene, hata kipofu angeuona kwa kupapasa. Lakini kwenye kona, ile herufi ndogo wanayoiweka wapiga picha kuonyesha ni mguu wa upande gani ilikuwa imesimama kinyume, kama maandishi yaliyo mbele ya gari la wagonjwa. Akaigeuza filamu. Herufi ikakaa sawa, na mguu ukawa wa kushoto.

"Kijana wangu," Chokaa alimuuliza, "kati ya nyumbani na hapa umebadilisha mguu?"

Bati anasema jasho lilimtoka mpaka ndani ya plasta. "Nilidhani mfupa ni mfupa tu! Jina tulishalikwangua kwenye kona. Hayo mambo ya kushoto na kulia nani aliyajua?"

Chokaa alikuwa ameshaanza kucheka. Wagonjwa wamemfanyia vituko vya kila aina: mmoja aliwahi kumletea picha ya kifua kwa ajili ya mkono. Kisha akaiangalia filamu tena, na kicheko kikaisha. Chini kidogo ya katikati, mfupa ule ulikata kona upande wa ndani, kisha ukanyooka tena kama uliobadili mawazo. Akavuta kiti akakaa.

"Stoo ndiye aliyekupa?" akauliza.

"Nikajua huyu mzee ni mchawi," anasimulia Bati. "Mfupa hauna sura, amemjuaje mwenyewe?"

"Nikamwambia, huu una sura," anasema Chokaa. "Huu ni mguu wa mdogo wangu."

Mdogo wake ana miaka 49 na ndiye mtunza vifaa kwenye jengo analofanyia kazi Bati, ndiyo maana wanamwita Stoo. Zamani alikuwa mpiga lipu, na nyumbani kwao waliwatania kuwa ni ukoo wa chokaa: mkubwa anapiga plasta watu, mdogo anapiga plasta kuta. Miaka tisa iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, mguu wa kushoto ukavunjika. Ulipona, lakini umepinda na umepungua kwa vidole viwili. Fundi viatu amemwongezea soli ya kushoto. Ukuta mrefu hapandi tena. Anakaa stoo akigawa misumari, kwa nusu ya ujira aliokuwa akiupata juu.

Picha ya mwisho ya mguu ule aliitunza nyuma ya rafu ya makufuli kule stoo. Wenzake walipovunjika na msimamizi akadai picha, aliwaazima. Bati alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walikuwa wamefunguliwa plasta kwingine na walichotaka ni kumridhisha msimamizi, ambaye, kwa maneno ya Stoo, "hajui mfupa wa mtu na wa mbuzi." Mmoja alipona vizuri. Mwingine alirudi juu mapema, na mwezi haukuisha mguu ukapinda. Sasa anatembelea fimbo.

Ijumaa ile Chokaa alichukua simu akampigia mdogo wake. "Njoo hapa sasa hivi," alimwambia. "Na uje na pesa."

Nusu saa baadaye Stoo aliingia akichechemea, mikono imejaa saruji, akijua fika kilichomwita. Hakuwa na aibu hata chembe. "Kaka, mguu wangu ukisaidia watu ubaya uko wapi?" alianza yeye. "Sijachukua hata soda ya mtu! Hawa wana watoto. Picha yenyewe ilikuwa inaliwa na mende tu."

"Unamsaidia kuvunjika mara ya pili!"

"Wewe unajuaje kama hajapona? Si unajua kupapasa? Mpapase! Mimi si ulinipapasa?"

Bati alikuwa amelala juu ya meza, plasta haijaguswa. "Niliwasikiliza ndugu wawili wanagombania mguu ambao si wangu," anasema. "Nikatamani kushuka nikimbie, lakini nikimbie na mguu gani?"

Neno lile la kupapasa ndilo lililommaliza Chokaa. Aliegemea kabati. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Miaka tisa iliyopita, wiki ya tatu baada ya Stoo kuanguka, daktari wa wakati ule aliandika mguu upigwe picha. Stoo hakuwa na pesa ya kutosha. Chokaa, aliyekuwa na miaka ishirini na zaidi kazini na sifa iliyovuka hospitali, aligonga plasta kwa vidole, akabonyeza kisigino, akamwuliza kama kunauma. "Hakuumi," Stoo alijibu. "Basi usiharibu pesa yako," Chokaa akamwambia. "Mimi ni kaka yako. Kidole gumba changu ndiyo eksirei."

Mwezi wa nne, picha ya kufungulia ilipokuja, mfupa ulikuwa umeunga ukiwa umepinda. Chokaa aliitazama mara moja tu akajua. Wiki ya tatu ungeonekana unaanza kupinda, na kabari moja ya kwenye kopo la maziwa ingeunyoosha. Alimwambia mdogo wake: "Mshukuru Mungu, umeunga." Hakumdanganya. Ila alimficha yaliyobaki, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

"Nilikuwa namwona sokoni, harusini, msibani, anakuja anachechemea, na mimi ndiye niliyemfanya vile," anasema. Anajifuta uso kwa mkono wenye unga, nyusi zinazidi kuwa nyeupe. "Mama yetu akimwonea huruma mbele yangu, nilikuwa natoka nje."

Stoo alisikiliza mpaka mwisho. "Miaka tisa nimejilaumu mimi," alisema baadaye alipozungumza na mwandishi wa habari hizi, akiwa amekaa juu ya mfuko wa saruji. "Nilidhani nilikanyaga mapema. Mke wangu kila tukigombana alinikumbusha: wewe uliambiwa utulie ukawa unakwenda kuangalia mpira. Nikakubali. Kumbe! Mimi ni fundi wa kuta, ile methali ya ufa na ukuta nimeisikia mpaka nikaichoka. Sikujua inahusu mguu wangu."

Siku ile hakusema hayo. Alitoa pesa mfukoni mwa shati, akaenda kwenye dirisha la malipo, akalipia picha ya Bati, akaweka risiti juu ya meza. Kisha akaondoka bila kumtazama kaka yake. Kwa wiki tatu hakupokea simu yake.

Picha halisi ya Bati ilitoka saa tano. Ufa ulikuwa bado upo, mweusi, kutoka ukingo hadi ukingo. Daktari aliuangalia akaguna. "Angepanda paa Jumatatu," alisema, "tungempokea Jumanne."

Bati alifungwa plasta fupi ya kutembelea na kuambiwa arudi baada ya wiki saba. Alilia, na hafichi. Nyumbani mkewe aliuliza jambo moja tu: "Kiatu kimerudi?" Akajibu kimerudi. Mke akakichukua akakisukuma chini ya kitanda. Wiki saba zile waliishi kwa vitumbua vyake na kwa uvumilivu wa mwenye nyumba.

Wiki ya nne, asubuhi kama hii, Stoo aliingia chumba cha plasta bila kubisha. Alikuwa ameshika ile filamu. "Itundike hapo," alimwambia kaka yake. "Na usimwazime mtu." Chokaa aliipokea kwa mikono miwili. Walisimama hivyo mpaka Stoo akauliza kama chai ile kwenye chupa ni ya maonyesho.

Filamu hiyo sasa inaning'inia kando ya kisanduku cha mwanga. Chini yake Chokaa amebandika karatasi aliyoiandika kwa wino wa buluu: *Mfupa huu umeunga. Umeunga vibaya. Wiki ya tatu haukupigwa picha. Kosa ni la fundi.* Mganga mkuu alishauri mstari wa mwisho ufutwe, kwa heshima ya hospitali. Chokaa alikataa. "Mficha uchi hazai," alimjibu, na mganga mkuu, ambaye alifungwa mkono na Chokaa akiwa mwanafunzi, akaacha.

Msomaji asije akadhani kuwa Chokaa ni mpiga debe wa eksirei. Kinyume chake, yeye ndiye anayemkera daktari kwa swali lile lile kila Jumatano: "Daktari, picha hii ikija nzuri tutafanya nini? Na ikija mbaya tutafanya nini?" Kama majibu yote mawili ni kufanya kitu kile kile, anataka mgonjwa aachiwe pesa yake.

"Mwanzoni nilimwona anaingilia kazi yangu," anakiri daktari. "Nikamwambia, haya mzee wetu, tuhesabu." Wakachukua daftari. Kwa miezi mitatu waliandika watoto wote waliokuja na ule mbonyeo mdogo wa mfupa karibu na kifundo cha mkono, ambao walikuwa wakipigwa picha ya pili kwa mazoea. Walikuwa 41. Hakuna hata mmoja ambaye picha ya pili ilibadili matibabu yake. Watu wazima waliovunjika muundi walikuwa 26, na kwa saba kati yao picha ya wiki ya tatu iliita kabari.

Daftari moja la hospitali moja si utafiti, na daktari mwenyewe analisema hilo. Lakini tangu hapo watoto wa aina ile hawaandikiwi tena picha ya pili, labda mkono uwe bado unauma. Asubuhi hii hii, mama wa msichana wa miaka saba ameshika noti mkononi, tayari kwenda dirisha la malipo. Chokaa anamrudisha. "Daktari ameandika haihitajiki, mama. Mnunulie viatu."

Mama anamtazama kwa mashaka. "Bure bure hivyo?"

"Siyo bure. Haihitajiki. Ni vitu viwili."

Kwa wale wanaohitaji, Chokaa ana mpango, na ameshauandika kwa barua mbili kwenda kwa uongozi. Anataka picha ya wiki ya tatu ilipiwe siku ile ile ya kufungwa plasta, pamoja na ya kwanza, wakati ndugu na wenzake wa mgonjwa wote wako pale na mioyo imelainika. "Siku ya ajali mgonjwa ana watu kumi," anasema. "Wiki ya tatu amebaki na mkewe. Mwezi wa tatu na mke ameanza kuchoka." Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili imejibiwa: watajaribu kwa miezi sita, kwa mifupa ya muundi na paja.

Saa tatu kasoro, zamu ya Bati inafika. Anaingia kwa magongo, mfuko wa kiatu meno yameung'ata kwa kuwa mikono haina nafasi. Stoo yuko nyuma yake, amemsindikiza kutoka kwenye ujenzi. Daktari anatoa filamu kwenye bahasha, anaiweka penye mwanga. Herufi imekaa sawa. Mguu ni wa kulia.

Daktari anainama, anafuata mfupa kwa kalamu kutoka juu kwenda chini, anarudi katikati, anasimama hapo. Bati amefumba macho. Pale palipokuwa na mstari mweusi pamejaa mfupa mpya, mweupe, umezunguka pande zote. Na umenyooka.

"Fungua," anasema daktari.

Msumeno unalia kama redio iliyokosa stesheni. Plasta inapasuka vipande viwili, na mguu unatoka mwembamba, umejaa magamba, unanuka. "Huu wa nani?" Bati anauliza. "Jamani, huu si wa kuku?" Lakini anacheka huku machozi yanamtiririka, na anaushika kwa mikono yote miwili.

Chokaa anapiga goti moja sakafuni, anafungua mfuko mweusi, anamvika buti. Linampwaya. Anazikaza kamba taratibu, mara mbili. Kisha anamwambia maneno anayomwambia kila mtu: wiki mbili za kwanza kazi za chini tu, kukata na kupima, juu asipande mpaka daktari amruhusu. Msimamizi ameshapigiwa simu na daktari mwenyewe, na amekubali. Alhamisi Bati atakuwepo.

Bati anasimama. Anapiga hatua moja, anashika meza, anapiga ya pili. Anamgeukia Stoo. "Stoo, ndugu yangu, nami nina mguu mzuri sasa," anasema akipunga filamu yake mpya. "Nikuazime?"

Chumba kizima kinaangua kicheko, na Stoo mwenyewe anacheka mpaka anashika ubavu. "Kaa nao," anasema. "Mimi leo nina wangu."

Ni kweli. Mfukoni mwa koti jeupe la Chokaa kuna risiti ya malipo aliyoyafanya jana jioni: picha ya mguu wa kushoto, ya kwanza tangu ile iliyotundikwa ukutani. Daktari amesema siku hizi mfupa uliounga vibaya unaweza kukatwa na kunyooshwa, hata baada ya miaka, lakini si kila mfupa, na hawezi kusema lolote bila picha mpya. Stoo alikataa kwa wiki tatu. Siyo pesa iliyomzuia. "Niliogopa kuambiwa haiwezekani," anasema. "Kuchechemea nimeshakuzoea. Kutumaini ndiko sijakuzoea."

Chokaa amebakiza miaka miwili astaafu. Hataki sherehe wala saa ya ukutani. "Nataka nikiondoka niuache ule mguu umenyooka," anasema. "Ikishindikana, basi niuache nikiwa nimeutazama. Siyo kwa kidole gumba."

Anavua glavu, anamwachia mwenzake ndoo na bandeji, anamsindikiza mdogo wake hadi mlango wa eksirei. Kwa miaka 31 amekuwa akiingia ndani ya mlango huo bila kubisha. Leo anaishia nje. Anakaa kwenye benchi, katikati ya mama wa watu na kijana mwenye kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti.

Dakika kumi zinapita. Mlango unafunguliwa, na mpiga picha mgeni, asiyemjua, anatoa kichwa akiwa na karatasi mkononi. "Ndugu wa mgonjwa wa mguu wa kushoto yuko hapa?"

Chokaa anasimama haraka mpaka benchi linayumba. "Nipo," anasema. "Mimi ni kaka yake."